Mteja wa Ng'ambo ya Zizi

Baba yangu mzazi alikuwa fundi zege wa chama cha ushirika pale Bariadi. Alimwaga makaravati ya barabara za kwenda kwenye magulio ya pamba, nguzo za uzio wa maghala, mifuniko ya mashimo ya maji. Ushirika ulipoanza kuyumba na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao ya kuning'iniza, alikuwa mmoja wa waliorudishwa nyumbani. Hakulalamika sana. Ilikuwa miaka ya ruksa, saruji ilikuwa imeanza kuonekana madukani, mtu ananunua mfuko wake bila kwenda kuomba kibali ofisini. Baba akasema kama saruji inauzwa kwa kila mtu, basi na ufundi wake utapata watu. Akakodi uwanja nyuma ya soko, akatengeneza kalibu za mbao na za bati za kuumbia zege, akaanza kumwaga vitu na kuvipanga kando ya barabara ili wapita njia wavione.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Nikaingia uwanjani kwa baba bila mtu kunilazimisha. Niliipenda kazi ile, hasa asubuhi ya kufungua kalibu, pale unapogonga bati taratibu kwa mpini wa nyundo, bati linaachia, na kitu kinabaki kimesimama chenyewe, kikiwa bado na ubaridi na harufu ya mvua. Jioni nilikuwa na mikono mikavu iliyochanika kwa saruji, mama ananipaka mafuta ya ng'ombe huku akisema nitaolewa na nani na mikono hii.

Aliyenioa alikuja mjini kupakia marobota ya pamba kwenye malori. Msimu ulipokwisha akaja kwa baba kuomba kibarua. Alikuwa na nguvu nyingi na hakuwa na subira hata kidogo. Baba alimwambia mara nyingi kwamba zege halitaki haraka, naye anaitikia, kisha kesho yake anafungua kalibu kabla ya wakati na kona inabaki kwenye bati. Lakini alikuwa mcheshi na hakuona aibu kuelekezwa na msichana. Mahari ikatolewa, harusi ikapita, tukahamia kwao, upande wa Itilima, kijiji ambacho ukikipita unaelekea Migato. Siku hizo kote huko ilikuwa bado Wilaya ya Bariadi, na mkoa ulikuwa Shinyanga.

Baba alinipa kalibu moja ya kuondoka nayo, ya slabu ya choo.

Slabu ile ni duara la zege, jembamba, lililoinuka kidogo katikati kama sahani iliyofunikwa. Umbo hilo la sahani ndilo linaloipa nguvu, kwa hiyo haihitaji nondo, na mtu wa kawaida anaweza kuimudu. Unalundika mchanga mbichi chini, unauchonga kwa ubao uliokatwa kwa mpindo mpaka upate kilima kidogo kilicho sawa pande zote. Unatandika karatasi za mifuko ya saruji juu yake. Unazungushia bati lililopakwa oili chafu. Katikati unaweka kipande cha mbao chenye umbo la tundu, kisha unamwaga zege zito na kulishindilia kwa mkono. Unaweka sehemu mbili za kukanyagia. Baadaye, ndani ya tundu lenyewe, unamwagia mfuniko, ndiyo maana kila mfuniko unaingia kwenye slabu yake na hauingii kwenye nyingine. Halafu unaifunika kwa magunia na kuimwagilia maji wiki nzima, hata kama jua linakudanganya kwamba imekauka. Siku ya kuichukua unaisimamisha wima na kuiviringisha kama gurudumu.

Kule kwetu ilihitajika mno. Udongo wa mbuga ni mweusi, kiangazi unapasuka, masika unavimba na kuteleza. Watu waliochimba vyoo waliweka magogo juu, mchwa wakayala, na masika kingo zikabomoka. Kila mtu alikuwa na habari ya mbuzi au ndama aliyetumbukia. Kwa hiyo wengi waliona heri kwenda kwenye mashamba na vichaka, na bwana afya alipopita na baiskeli yake kuhimiza vyoo walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha maziwa, akaondoka.

Mume wangu na mimi tulichimba choo chetu upande wa mashariki wa boma letu, nyuma ya jiko, tukaweka slabu yangu ya kwanza. Majirani walikuja kuikanyagakanyaga. Baada ya mavuno wachache wakaanza kuagiza, tukasafisha sehemu kando ya njia iendayo mnadani, ndani kidogo ya uzio wa minyaa, ikawa uwanja wetu wa kazi.

Mtu mmoja hakuwahi kuja kuikanyaga. Baba mkwe.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kwetu Wasukuma mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Nilipiga magoti kumsalimu asubuhi, "Mwangaluka, Baba," naye anajibu, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, akiwa anaangalia ng'ombe. Sikukalia kigoda chake. Sikupita karibu na mahali anapolala. Chakula chake nilikipika mimi, lakini alikipeleka mama mkwe. Na kuingia choo kimoja na mkamwana, hilo halikuwa jambo la kuzungumza. Lilikuwa haliwezekani tu. Basi yeye aliendelea kwenda ng'ambo ya zizi, kwenye mashamba ya pamba, kama baba yake na babu yake. Sikuona vibaya. Hata mjini nilikolelewa niliyajua hayo.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu mvua zilinyesha kwa nguvu kuliko kawaida. Lambo lilijaa likapita kingo, na kuhara kukaingia kijijini. Kulianzia upande wa mto kukaja nyumba kwa nyumba. Baba mkwe akashikwa. Alijikaza, akawa anatoka kila mara na fimbo yake kwenda shambani kwenye mvua, anarudi amelowa, anakaa kidogo, anatoka tena. Mama mkwe alimwekea chungu ndani, akakikataa.

Mchana mmoja alitoka na hakurudi. Mume wangu alimkuta kati ya mistari ya pamba, amekaa kwenye matope, hawezi kunyanyuka. Udongo ule masika unang'ang'ania miguu kama kitu chenye meno. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, kisha akamfunga kwa kanga kwenye baiskeli na kumsukuma hadi zahanati. Mimi nilibaki nimesimama jikoni na sufuria ya uji mkononi, nikawaona wanapita langoni. Mzee amelaza shavu kwenye bega la mwanawe. Sikuwahi kumwona akiegemea kitu chochote isipokuwa fimbo.

Akapona. Aliporudi alikuwa amepungua hata shati likawa linaning'inia. Muuguzi alimwambia mume wangu kwamba mzee sasa atumie choo, asirudi kwenye mashamba, la sivyo atawaambukiza wajukuu. Mjukuu alikuwa mmoja tu, binti yangu aliyekuwa anaanza kutambaa.

Mume wangu akachimba shimo la pili, upande wa magharibi, ng'ambo ya zizi, mbali kabisa na letu. Akajenga kuta za miti na udongo, akaezeka nyasi. Ikabaki slabu. Nilikuwa nayo moja nzuri, imeshakomaa. Tukamwambia mama mkwe amweleze mzee kwamba kila kitu kiko tayari.

Mama mkwe alirudi jikoni akaketi kwenye kinu kilicholazwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa kucheka, ila siku hiyo hakucheka.

"Amekataa," akasema.

"Kwa nini, Mayu? Choo ni chake peke yake. Mimi sitafika huko."

"Anasema lile jiwe umelitengeneza wewe. Amekuona umepiga magoti unalisawazisha kwa viganja vyako. Anasema, nitakanyagaje mahali ambapo mkono wa mkamwana umepita, tena kwa shughuli ile?"

 Nilitazama viganja vyangu, nikaona aibu ambayo sikuwa nayo kabla. Nilikuwa nimeisawazisha kwa uangalifu mkubwa, nikijua ni ya nani.

Mume wangu akasema hilo ni jambo dogo, atamwaga nyingine yeye mwenyewe. Mimi nikaenda Bariadi kumsalimia baba yangu nisiwepo hata karibu. Niliporudi nilikuta slabu ya mume wangu iko uwanjani, juani, haina hata gunia moja juu yake.

"Umeimwagilia?" nikamuuliza.

"Nilimwagilia."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza."

Mama mkwe akanisimulia yaliyotokea. Mzee alikuja akaizunguka, akaigonga kwa ncha ya fimbo hapa na pale, kama mtu anayegonga chungu dukani kusikia mlio wake. Akamwambia mwanawe, "Hili limeshakufa," akaenda zake. Nilipoinama nikauona ufa, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Mume wangu alikasirika, kisha akaanza kucheka, tukacheka wote wawili. Lakini choo kilibaki na shimo wazi lililofunikwa matawi ya miiba, na asubuhi nilimsikia mzee akikohoa akipita kwenda shambani. Mvua zilikuwa bado zinanyesha.

Kilichobadilisha mambo kilitoka kwa mtu ambaye hatukumjua. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kutoka Ipililo, upande wa Maswa, mbali kweli. Alikuwa amesikia habari zetu mnadani. Siku hiyo mume wangu hakuwepo, na mimi nilikuwa mtoni nafua, kwa hiyo mgeni alipokelewa na baba mkwe mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na lango akiota jua. Mambo haya nayo nilisimuliwa na mama mkwe, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni.

Wazee wale wawili walisalimiana kwa kirefu, mvua, ng'ombe, bei mbaya ya pamba na wanunuzi wasioeleweka. Kisha mgeni akasema amekuja kwa ajili ya slabu. Anamnunulia mama yake mzazi, ambaye ni mzee sana na hatoki tena nyumbani.

Baba mkwe akauliza, "Unamjua aliyezitengeneza?"

"Simjui. Ni fundi gani?"

"Mtu tu," baba mkwe akasema. "Na mama yako, hatauliza?"

Yule mgeni alishangaa. "Aulize nini, mzee? Nikishalinunua jiwe, ni lake. Hata jembe simjui aliyelifua."

Mama mkwe anasema mzee alikaa na neno hilo mchana kutwa. Mtu wa Ipililo akanisubiri mpaka niliporudi, akachagua, akaondoka. Baba mkwe alikuwa bado anatazama njia uliyopita ule mkokoteni.

Sitasahau asubuhi iliyofuata. Mvua ilikuwa imepumzika na uwanja unafuka mvuke. Mume wangu alikuwa anachekecha mchanga, mimi nachonga kilima cha slabu mpya. Tukasikia mtu anapiga hodi kwenye lango la njiani, lango la wateja. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kupitia hapo, wote tulipita kwenye upenyo wa upande wa nyumba. Tulipogeuka tukamwona baba mkwe. Alikuwa amevaa koti lake la kwenda mnadani na kofia. Mkononi ameshika kamba, na kwenye kamba kuna beberu mweupe, mnene.

Alikuwa ametoka nyumbani, akazunguka zizi lote na uzio wote wa nje, akaja kutokea barabarani.

"Hodi hapa," akasema tena.

Mume wangu akaacha chekecheke. "Baba? Kuna nini?"

"Karibu husemi?"

"Karibu, Baba."

Akaingia. Mimi nilishapiga magoti kwenye mchanga, lakini hakuniangalia.

"Nimesikia hapa panauzwa mawe ya choo," akasema.

"Baba, slabu yako ipo. Ichukue tu. Ni yako tangu—"

"Sijaja kuomba." Sauti yake ilikuwa tulivu, ile anayoitumia kwenye mnada wa ng'ombe. "Mkinipa, ni la mkamwana. Nikinunua, ni langu, nililipata sokoni kama watu wengine. Unauza au huuzi?"

Mume wangu akanitazama. Niliinamisha kichwa kidogo sana, kumaanisha auze. 

"Nauza."

Basi baba mkwe akaanza kununua. Alipita kwenye slabu zote zilizokuwa zimeegemezwa kwenye uzio, akazigonga moja moja kwa fimbo, ameinamisha sikio. Alipitisha kidole kwenye kingo. Aliuliza zipi ni za zamani na zipi ni mpya. Akarudi kwenye ile ile niliyomtengenezea, bila kuambiwa, akaigonga mara ya pili. Ilitoa mlio wa kengele, mlio mzuri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Aligeuka upande wangu. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, iliyokuwa na mchanga mpaka kwenye viwiko.

"Fundi," akasema. "Hili litanibeba?"

Hakusema mayu. Sikujua nijibu kama nani. Mwisho nikajibu kama alivyouliza.

"Litakubeba, mzee. Hata ukiwa na ng'ombe."

Mume wangu akageukia pembeni kuficha kicheko. Baba mkwe hakucheka, ila mdomo wake ulisogea.

"Ng'ombe ana choo chake," akasema. "Lilazeni."

Tukalilaza juu ya mchanga, mume wangu akapanda juu yake akarukaruka. Halafu mzee akasema nipande na mimi, tusimame wawili. Tukasimama, tumekaribiana kama watoto wanaocheza, huku yeye ameinama anachungulia chini ya ukingo kama kuna kitu kinachopinda. Hakikupinda. Akaridhika. Ikaja bei. Alisema beberu ni mkubwa mno kwa jiwe moja, na mwanawe, ambaye sasa alishaelewa mchezo unavyochezwa, akasema jiwe hili lina mfuniko wake. Wakavutana hapo. Mwishowe mzee akakubali, kwa sharti kwamba muuzaji alipeleke mwenyewe mpaka kwa mteja. Akamkabidhi mwanawe kamba.

"Wabeja," mume wangu akashukuru.

"Wabeja," baba yake akajibu, akatoka kwa lango lile lile la barabarani.

Mume wangu aliiviringisha slabu mpaka ng'ambo ya zizi siku hiyo hiyo, akaiweka juu ya shimo, akaziba kingo kwa udongo na saruji kidogo. Beberu tulimwingiza zizini, akachangamana na mbuzi wa mzee kama vile hakuwahi kutoka. Mimi sikwenda kuona. Ila jioni, nilipokuwa nachota maji kwenye pipa, nilimwona baba mkwe anatoka ndani amebeba kopo, anatembea taratibu kuelekea upande ule, na fimbo ameiacha mlangoni.

Kesho yake nilipomsalimu alinijibu "Mwangaluka, mayu," akiangalia ng'ombe, kama siku zote. Hakuniita fundi tena katika maisha yake. Nami sikulihitaji. Lilikuwa neno la uwanjani na lilibaki uwanjani.

Mama mkwe ndiye aliyekuja kunung'unika baada ya siku kadhaa.

"Na mimi je?" akaniuliza. "Yeye ana chake, nyie mna chenu. Mimi niendelee kuchuchumaa kwenye pamba?"

"Wewe njoo kwetu, Mayu. Wewe huna mwiko na mimi."

"Nina mwiko na mwanangu. Nikutane naye mlangoni?"

Akataka jiwe lake, na akataka alitengeneze mwenyewe, maana beberu hakuwa naye. Nikamfundisha. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mume wangu, labda kwa sababu alishafinyanga vyungu alipokuwa msichana. Hakuharakisha. Alimwagilia asubuhi na jioni na kufunua gunia kutazama kama mtu anayetazama mkate. Tangu hapo tukawa tunafanya kazi watatu, na wanawake wa vijiji vya jirani walianza kuja kwake kuulizia, kwa kuwa aliwaeleza kwa Kisukuma kizuri mambo ambayo mimi wa mjini niliona aibu kuyatamka.

Baba mkwe naye alituletea wateja, ingawa hakukubali hata mara moja kwamba anafanya hivyo. Mnadani wazee wenzake walimuuliza amewezaje, na mkamwana yumo nyumbani. Aliwajibu, "Nimenunua." Wakaelewa. Wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine na mbuzi, wengine na debe la mpunga, na wote waliingia kwa lango la barabarani, hata yule wa jirani aliyepakana nasi kwa uzio.

Baba mkwe alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo. Shimo lake la kwanza lilipojaa ilikuwa kiangazi, na mume wangu na kaka yake walichimba lingine hatua chache pembeni. Slabu ilikuwa bado nzima. Wakaing'oa, wakaisimamisha wima. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mgongo nimeuelekeza zizini. Nilisikia zege likiviringika juu ya ardhi kavu, na mzee akitangulia mbele yake, akiwafukuza kuku njiani na kuwaambia wanawe wakwepe ile mizizi, waende polepole, wasije wakalivunja jiwe lake.